Mpishi Asiyeonja Nyama Yake

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba nyama haioshwi nilimwona mwendawazimu. Nyama imetoka machinjioni, imebebwa begani na mtu anayevuja jasho, nzi wameisindikiza njia nzima, halafu mtu mzima mwenye mvi ananikataza kuitia maji. Alichukua kitambaa cheupe akaipangusa ile nyama kila upande, taratibu, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Nyama yenye maji haiokeki, inachemka," aliniambia. "Sasa wewe unataka kuoka au unataka kuchemsha?"

Mpaka siku ile sikujua kwamba hayo ni mambo mawili.

Huyo ndiye Mpishi. Jina alikuwa nalo, lakini Igogo nzima, pale Mwanza, wakubwa kwa wadogo, walimwita Mpishi, na mkewe wakamwita Mama Mpishi. Kazi yake ilikuwa kumpikia mzungu mmoja wa serikali kwenye zile nyumba zilizokaa juu ya mawe zikitazama ziwa. Alikuwa mtu wa upande wa Bukoba, alivuka na meli akiwa kijana. Nilipoletwa Igogo nikiwa mke mpya, miaka ile ya hamsini, nilimkuta ameshakuwa mzee wa mtaa. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Akipiga chafya kwake, sisi kwetu tunasema pole.

Mimi ni Msukuma, mtoto wa watu wa ng'ombe. Kwetu mwanamume akionekana ameinamia chungu, watu huuliza mkewe amekufa lini. Basi asubuhi ya kwanza nilipomwona jirani anatoka na aproni imekunjwa kwapani, nyeupe kuliko shuka za harusi yangu, nilimuuliza mume wangu ile ni nguo ya dini gani. Mume wangu, ambaye alifanya kazi kwenye kinu cha pamba na hakuwa mtu wa maneno mengi, alicheka mpaka akakaa chini. Aliponieleza kwamba yule mzee mwenye ndevu zilizochongwa anakata vitunguu kwa mshahara, sikucheka. Nilimwonea huruma. Nilidhani ni adhabu.

Kumbe alikuwa na majivuno ya chifu. Akitembea barabarani na kapu la mzungu, hakusalimia wa kwanza. Wauza nyama walimwogopa. Alikuwa akibonyeza kipande kwa kidole gumba, anakinusa, anakirudisha, anasema, "Huyu ng'ombe alikufa na hasira," kisha anaondoka zake, na mwenye bucha anabaki anakitazama kile kipande kana kwamba kimemtukana. Lakini nyumbani kwake mtu huyo huyo hakugusa hata mfuniko. Alikaa kwenye kigoda na shati la viraka, akangoja ndizi za mkewe na samaki, leo sato, kesho sato. Mama Mpishi, Mungu amrehemu, alikuwa anaunguza. Moshi ulipita ukutani ukaja kwetu. Mpishi alikula kimya, akamaliza, akanawa, akasema asante mama. Siku nyingine mume wangu alimtania: mzee, mbona humfundishi? Alijibu kwamba mtu hafundishi mahali anapolala.

Maneno yake mengi yalikuwa ya namna hiyo, mafupi, yanakuacha mdomo wazi. Moto mkali aliuita moto wa kugombana. Moto mdogo, ule aliotaka yeye, aliuita moto wa kusengenya: hausikiki, hauonekani, lakini mpaka jioni mtu amelainika. Papai bichi, ambalo sisi wote tulipaka kwenye nyama ngumu, alilichukia kama ugonjwa. Alisema papai halilainishi nyama, linaiozesha kabla sahani haijafika mezani. Na ukimwona amesimama mbele ya jiko anajigusa uso, usidhani anasali. Alikuwa anapima. Alibonyeza nyama, akabonyeza shavu lake: ikiwa sawa na shavu, ni mbichi. Ikiwa kama kidevu, itoe. Ikiwa kama paji la uso, mpe mbwa, na umwombe mbwa msamaha.

Nitasema sasa kwa nini nilikwenda kwake, ingawa ni jambo la kuniaibisha.

Baba mkwe wangu alikuwa mwanangwa, mkubwa wa kijiji, upande wa Buswelu. Mtu mrefu, mwenye koti na kofia hata juani, na meno yote ya nyuma yalikuwa yameshang'oka. Alikuja kututembelea mjini mara ya kwanza, nami nikampikia nyama ya ng'ombe, maana mzee wa heshima kwetu humpi dagaa. Nilichemsha tangu asubuhi. Kwa mila yetu mke wa mwana hali mbele ya baba mkwe, hatafuni mzee akamwona, wala yeye hamtazami akila. Ni heshima ya pande zote mbili. Basi nilikaa nyuma ya ukuta nikisikiliza. Nilisikia anatafuna, anatafuna, kisha kimya. Nilipoingia kuondoa vyombo nilikuta vipande saba vimepangwa ukingoni mwa sahani, vimetafunwa vikashindikana, vimepangwa safu kama askari. Mzee alikuwa ameshaondoka na njaa yake.

Baada ya siku chache ikaja habari kutoka kwa mama mkwe. Kwamba mimi nimefanya makusudi. Kwamba nimeyacheka mafizi ya mzee. Mzee atakuja tena baada ya mavuno, na akirudi na njaa mara ya pili, nirudi kwetu na ng'ombe wa mahari warudishwe. Ng'ombe wale hawakuwepo tena. Kaka yangu alikuwa ameshawatoa kuolea mke, na mke yule alikuwa na mimba. Mimi nikirudi, yule naye anarudishwa kwao. Ndoa mbili zilikuwa zinaning'inia kwenye nyama ya kuchemsha. Sikuamini mpaka mume wangu aliponiambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake hana mzaha.

Nikachukua khanga yangu nikaenda kupiga hodi upande wa pili wa ukuta. Mpishi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: sufuria yako ina mfuniko bapa au uliobinuka?

Alinifundisha Jumapili, siku yake ya mapumziko, uani kwangu, amekaa kwenye kigoda chake bila kugusa chochote baada ya kile kitambaa. Mimi ndiye niliyegusa. Paja la nyuma, kipande kimoja kizima kama kichwa cha mtoto, mafuta yake yameachwa juu. Hiyo pia ilinishtua. Kwetu nyama hukatwa vipande ili kila mtu apate. Alinikataza kisu. Kile kipande nilikuwa nimekipaka chumvi alfajiri, nikakifunga kwa kamba ya katani kama mzigo. Nikachemsha mafuta ya ng'ombe mpaka yakatoa moshi, nikakigeuza humo pande zote mpaka kikawa rangi ya udongo wa kichuguu. Chini nikatandika vitunguu, juu nikafunika, nikaziba ukingo kwa donge la unga, nikapalia makaa juu ya mfuniko, na chini nikabakiza makaa machache tu, ya kusengenya. King'ora cha kinu cha pamba kingekuwa kinalia ningesema saa. Lakini ilikuwa Jumapili, tukahesabu kwa kivuli cha jiwe kubwa lililokuwa nyuma ya vyoo. Kilipofika mlangoni akasema toa.

Nikafungua. Harufu ile sijawahi kuieleza vizuri. Mume wangu alitoka chumbani na sahani mkononi, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Mpishi akamzuia kwa fimbo.

"Bado. Inapumzika."

Mume wangu aliuliza nyama iliyokufa inapumzika nini. Mpishi akamwambia kwamba mtu akikimbia kutoka Igogo hadi Kirumba humwulizi maswali mlangoni, unamwacha akae kwanza damu itulie. Tukakaa, watu wazima watatu, tunatazama nyama iliyofunikwa kitambaa. Kisha akaniambia nikate kwa kukingama nyuzi za nyama, si kuzifuata. Kisu kiliingia kikatoka kama kimepita kwenye siagi.

Nikakata kipande cha kwanza, nikapiga goti, nikampa yeye kwa mikono miwili. "Onja, baba, uniambie kama chumvi imetosha."

Aliruka nyuma na kigoda chake. Naapa, kama nimemtolea nyoka.

Ndipo aliponiambia. Katika ukoo wao kuna ng'ombe wa mwiko, ng'ombe mwenye mlia mgongoni. Anayemla hubabuka ngozi, na watoto wake hubabuka. Kwao, ng'ombe akichinjwa, ngozi hutandikwa uani kila mtu aione, ndipo watu wa ukoo wanakula au wanaondoka. Lakini mjini nyama inakuja uchi. Nani atajua ilivaa nini? Aliwahi kwenda machinjioni kuuliza; akakuta ngozi zimerundikwa huku, nyama zimening'inia kule, na watu wakamcheka. Akapita sokoni, akanunua sato, akarudi nyumbani. Tangu avuke ziwa hakuwa ameweka nyama ya ng'ombe mdomoni. Wala mchuzi wake. Wala kidole.

Nilikaa chini kwenye majivu na nguo yangu nzuri. Nilimuuliza, na hiyo ya mzungu?

"Nanusa," alisema. "Nabonyeza. Nasikiliza mafuta yanavyobadilisha sauti."

"Na chumvi?"

"Vidole vinajua."

"Na kama ni mbaya?"

Akasema kila siku anamuuliza mtumishi wa mezani, wamesemaje? Na kila siku mtumishi anamjibu kwamba wamezungumza habari za mvua. Memsabu, mke wa mzungu, humwambia asante Mpishi, lakini alimwambia asante Mpishi hata siku alipounguza, kwa hiyo asante ile haina uzito. Miaka yote hiyo alikuwa anapika gizani na hajui anapika nini. Alisema hivyo huku anakunja kile kitambaa chake mara nne, vizuri, pembe juu ya pembe, na mimi niliona kwamba majivuno yake yote ya barabarani yalikuwa ni ya mtu anayeogopa kuulizwa.

Baba mkwe alikuja baada ya mavuno. Alikula paja zima, akaomba na vitunguu. Nikabaki na ndoa yangu, na kaka yangu akabaki na mkewe. Kwa hiyo deni langu kwa mzee yule halikuwa dogo.

Ukaja Uhuru. Mzungu akafunga masanduku, na ndani ya nyumba ile akaingia Bwana mkubwa mpya, Mwafrika mwenzetu, kijana msomi mwenye tai na cheko la karibu. Mpishi alibaki na nyumba kama mlango unavyobaki. Bwana mpya akataka kuwaalika wazee wa pande zote, wale ambao zamani waliishia kwenye ngazi, wakae mezani wale sahani moja na serikali. Mpishi akaja kunichukua nimsaidie kumenya viazi na kuosha vyombo. Nilienda mbio. Nilitaka kuona meza.

Nilipochungulia mlangoni roho ikanishuka. Kati ya wazee wale, na koti lake na kofia yake imewekwa gotini, alikuwa baba mkwe wangu. Nikarudi nyuma ya mlango. Pale ndipo palikuwa mahali pangu.

Mpishi aliingia na nyama mwenyewe, kwenye sahani kubwa, mchuzi kwenye bakuli pembeni. Ilikuwa inang'aa. Bwana akakata. Wazee wakatazamana, ndipo baba mkwe akakohoa akasema kwa adabu kwamba chakula ni kizuri, ila kwao aletaye huonja kwanza, ndipo wageni wanakula kwa amani. Hakuwa na ubaya. Ndivyo tulivyo, hata pombe, mwenye chungu hunywa wa kwanza.

Bwana alifurahi sana. Akavuta kiti. "Mzee, njoo ukae. Zamani walikusimamisha. Leo tumejitawala, utakula nasi."

Mpishi alishika mgongo wa kile kiti. "Nisamehe, Bwana. Siwezi."

"Huwezi kukaa?"

"Kukaa naweza. Kula siwezi."

Nilisikia uma mmoja ukiwekwa chini, kisha wa pili. Mpishi akaeleza habari ya ukoo na mlia na ngozi, lakini maneno yake yalitoka yamekanyagana, na yule aliyewatisha wauza nyama wote wa Mwanza alikuwa ameng'ang'ania mgongo wa kile kiti. Bwana akasema mambo ya mwiko yameondoka na mkoloni, kula kidogo tu, kwa heshima ya wazee. Mpishi akatikisa kichwa. Baba mkwe akavaa kofia yake. Alisema polepole kwamba ameamua mashauri mengi ya sumu kijijini kwake, na hajawahi kuona mtu akipika miaka ishirini kitu asichokijua. "Asiyeonja ana sababu," alisema. Bwana hakucheka tena. Alimwita askari wa getini asogee mlangoni.

Mimi nilijua mambo mawili. Nilijua mzee yule hana kosa. Na nilijua kwamba mke wa mwana hali mbele ya baba mkwe. Nilisimama na sahani sita mikononi, na niseme ukweli, nilingoja mtu mwingine aseme neno. Hakuna aliyesema. Mtumishi wa mezani alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikaweka sahani chini nikaingia. Nikachukua kile kipande alichokatiwa Mpishi kwa vidole nikakitia mdomoni. Kisha, ili mtu asije akasema kilichaguliwa, nikachukua kisu nikakata kingine katikati kabisa, nikakitia nacho. Baba mkwe alipiga ukelele mdogo, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, akajifunika uso kwa kofia. Nikameza. Nikafungua mdomo wangu mbele ya Bwana na mbele ya wazee, nikawaonyesha kwamba hamna kitu.

"Shikamooni," nikasema. "Mimi ni jirani yake. Nyama hii haina neno."

Walikula. Nasikia walikula mpaka mfupa. Mimi nilikuwa nje kwenye mawe, nimejitanda khanga mpaka usoni.

Baba mkwe alidai mbuzi wa kufuta aibu, tukampa, akampokea. Lakini mpaka anaingia kaburini hakula tena chakula cha mkono wangu, hata uji. Mimi niliyejifunza kuoka kwa ajili ya mafizi yake. Wajukuu zangu wakisikia hapo husema bibi, alikukosea. Hakunikosea. Mimi ndiye niliyevunja, na ningevunja tena.

Na Mpishi? Hakurudi jikoni mule. Bwana alimwomba radhi, alikuja mwenyewe Igogo na gari, watu wakajaa. Mpishi alimsikiliza, akamrudishia aproni ikiwa imepigwa pasi. Mwezi ule ule akavuka ziwa na mkewe. Kwangu alikuja kuaga akiwa amesimama, akaniambia kwaheri mama, akatazama pembeni. Nilikasirika. Nilisema moyoni, nimeuza heshima yangu kwa mtu asiyejua hata kushukuru.

Ilipita miaka minane. Nikasikia yuko Kirumba kwa binti yake, amerudishwa kutibiwa macho. Nilikaa na hasira yangu siku mbili, ya tatu nikaenda. Nilimkuta barazani, amekonda, mikono imelala juu ya magoti. Mama Mpishi alikuwa pembeni anamenya ndizi. Nikapiga goti, shikamoo baba. Aliijua sauti.

Hakuniuliza habari za nyumbani. Alisema, "Kuna jambo nimetaka kukuuliza tangu siku ile. Niliona aibu. Umeniokoa, halafu nianze kukuuliza ya tumbo."

"Uliza, baba."

"Ilikuwaje?"

Sikuelewa.

"Nyama yangu," alisema. "Kati ya watu wangu, ni wewe peke yako uliyeila."

Ningeweza kudanganya. Mwanamke mwenye akili angedanganya, angesema ilikuwa tamu kama asali, na mzee angelala vizuri. Mimi mdomo wangu haujapewa breki.

"Sikuisikia ladha, baba. Chumvi sikuisikia, wala pilipili manga. Nilikuwa na woga. Siku ile ungenipa matope ningemeza."

Alitikisa kichwa polepole, akageukia ukuta. Mama Mpishi aliacha kumenya akanitolea jicho. Nikaona nimemuua mtu aliyekaa. Nikajaribu kukumbuka, kwa nguvu, kitu chochote, na ndipo nilipokumbuka kitu ambacho miaka minane sikuwa nimekifikiria.

"Lakini sikutafuna," nikasema.

"Unasema?"

"Sikutafuna, baba. Taya lilikuwa limekufa ganzi, halikusogea. Niliibana kwa ulimi tu, ikaachana yenyewe, ikashuka. Vipande vyote viwili."

Aligeuka kutoka ukutani. "Mate ulikuwa nayo?"

"Yalikuwa yamekauka yote."

"Mchuzi?"

"Ulikuwa kwenye bakuli. Haukunifikia."

Kidole gumba chake kilikuwa kinabonyeza kiganja cha mkono wa pili, kinabonyeza, kinaachia. Kisha akanyoosha mkono hewani kumtafuta mkewe, akamshika khanga, akamvuta.

"Mama, acha hizo ndizi, sogea hapa," alisema. "Haya, mwanangu. Rudia. Anza pale ulipoiweka mdomoni."

Nikaanza tena.